Wa Kwanza Asirudishwe

Jibu lilifika kabla ya ujumbe kutumwa.

Elimringi aliliangalia mara mbili, akafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya shati, akaliangalia tena. Ujumbe wa asubuhi wa duka, wa kuwaambia wateja kwamba vitenge vipya vimeingia, ulipangwa kutoka saa mbili kamili, na ulitoka saa mbili kamili. Mteja wa kwanza alikuwa amejibu dakika moja kabla ya hapo. Namba yake haikuwa na jina. Alikuwa ameandika neno moja: Mmefungua?

Wakala wa kompyuta alikuwa amemjibu kwa adabu, kama alivyofundishwa: Tumefungua. Karibu.

Elimringi alijiambia kwamba ni saa za mitambo miwili kutolingana, jambo la kawaida katika kazi yake. Akanywa chai yake, akaendelea.

Duka lilikuwa la Mzee Natvarlal, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Chini waliuza vitenge, kanga na nguo za watoto wachanga, kwa jumla na rejareja. Juu ya duka kulikuwa na stoo, na juu ya stoo familia iliishi. Elimringi alipewa meza humo stoo, katikati ya marobota ya nguo, na Jinal, mkwe wa mzee. Mume wa Jinal, Pranav, alikuwa Guangzhou akitafuta mzigo, na Jinal ndiye aliyeendesha matangazo ya duka akiwa na mimba ya miezi minane. Mbili zilizotangulia hazikufika hata mwezi wa tano. Na hii alikuwa akitembea nayo kwa uangalifu, mkono mmoja ukutani, kama mtu aliyebeba beseni la maji lililojaa hadi ukingoni.

Matangazo yalipitia programu moja ya kulipia kwa mwezi, iliyokuwa na majina elfu nne ya wateja. Kila jina lilikuwa na simu yake, mtaa wake, na saa ambayo mwenyewe hupenda kufungua ujumbe. Akina mama wajawazito walikuwa na orodha yao, pamoja na mwezi waliotarajia kujifungua, ili duka liwakumbushe vishali na kofia. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuyasoma yote hayo. Kwa hiyo Elimringi alikuwa akitengeneza wakala, programu ya akili mnemba inayosoma swali, ikachagua zana inayofaa, kisha ikaenda kugonga API ya ile programu ya matangazo, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuomba taarifa kwa nyingine, na kurudi na jibu. Kazi yake hasa ilikuwa kuzichonga hizo zana. Kila moja aliiandikia maelezo kwa Kiswahili cha kawaida: hii inaleta jina, hii inaleta mtaa, itumie wakati fulani. Nje ya maelezo hayo wakala hana busara yoyote. Hufuata maneno kama yalivyo.

Siku moja kabla ya lile jibu la mapema, Mzee Natvarlal alikuwa amepanda ngazi za stoo kuiona mashine itakayozungumza kwa niaba yake. Elimringi alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba bila kumtazama. Hakuwa na imani na watu wa kompyuta, na hakuwa na sababu ya kulificha hilo.

Alichotaka ni kitu kimoja. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo hawapendi kumwacha mteja wa kwanza wa siku aondoke bure. Watamshushia bei mpaka anunue hata leso, kwa sababu anayemfukuza wa kwanza ameifukuza siku nzima. Kwa Mzee Natvarlal hilo lilikuwa zaidi ya hesabu ya biashara. Baba yake alipofika Dar akiwa kijana mwenye njaa, alirudishwa kwenye mlango wa duka asubuhi na mapema, na alipofungua la kwake aliapa juu ya kizingiti kwamba halitamrudisha mtu wa kwanza hata awe nani.

"Mashine yako itauza kwa jina langu," mzee alisema. "Basi ishike desturi yangu. Andika."

Elimringi aliandika ili yaishe. Chini ya maelezo ya zana zote aliweka mstari mmoja: Mteja wa kwanza kujibu asubuhi asirudishwe mikono mitupu. Apewe anachoomba. Mzee alimtaka ausome kwa sauti mara mbili. Kisha akagusa meza kwa vidole, akavipeleka machoni, kama alivyofanya kwenye kizingiti kila asubuhi, akashuka.

Si jambo la kucheka. Mtu aliyeona nyumba yake ikisimama miaka mingi ana haki ya kukiheshimu anachoamini kuwa kimeishikilia.

Siku ya pili ile namba isiyo na jina iliuliza: Nani anasubiri? Wakala aliona neno kusubiri, akachagua zana ya akina mama wajawazito, akaleta jina la kwanza kwenye orodha. Sitara, Buguruni, mwezi huu. Siku ya tatu namba iliandika: Mwingine. Wakala akaleta mwingine. Siku ya nne: Mwingine.

Elimringi hakuyasoma hayo. Alikuwa anahangaika na zana nyingine iliyokuwa ikikataa kuleta tarehe, na mambo yanayofanya kazi hakuna anayeyafungua kuyakagua. Isitoshe duka lilikuwa limejaa. Tangu wakala aanze, wateja walikuwa wakisubiri nje hata kabla chuma cha mlango hakijapandishwa, na makuli walishusha marobota wakiimba. Mzee alianza kumpelekea Elimringi chai ya maziwa yenye tangawizi.

Harufu ndiyo iliyokuja kwanza. Stoo ya nguo hunuka pamba mpya na wanga. Chini ya harufu hiyo Elimringi alianza kusikia marashi ya mawaridi, na chini ya marashi, udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa muda huohuo. Alidhani ni bomba. Fundi alikuja, akagonga kuta zote, akasema ndani mna ukavu wa kutosha kuanikia dagaa. Kisha ikaja sauti. Ilikuja mchana, saa ambayo jua liko utosini na makuli wamelala juu ya mikokoteni yao, na mtaa mzima unatulia kwa dakika chache. Ilikuwa sauti ya kitambaa kikichanwa taratibu, mkono kwa mkono, kama muuzaji anavyochana baada ya kutia mkasi, ila hii haikufika mwisho wa kitambaa. Ilitoka nyuma ya marobota. Alipokwenda kutazama aliyakuta yamefungwa kama yalivyoletwa. Makuli nao waliacha kupanda juu. Walisema ngazi imekuwa ndefu. Mmoja wao, Marcelino, aliyezoea kubeba robota mgongoni huku akimtania kila mtu, aliliacha chini ya ngazi na kumwambia Elimringi akitaka alifuate mwenyewe, maana huko juu kuna mtu anayempisha kila anapopita na hajawahi kumwona.

Siku ya kumi na mbili, saa saba mchana, Sitara aliingia dukani amebeba mtoto. Alikuwa mteja wa zamani, muuza vyombo vya plastiki sokoni Buguruni, mwanamke wa maneno mengi na kicheko. Jinal alimvutia kiti, akampa hongera. Sitara hakukaa wala hakucheka.

"Dada Jinal, kwangu mlimtuma nani?"

Jinal alisema hawakumtuma mtu.

"Msinifanye mjinga. Mwanamke mrefu, mpole, ananukia marashi. Kasimama mlangoni, kanitaja jina, kataja mpaka mwezi wangu. Namuuliza umenijuaje, ananiambia, dukani wamenipa jina lako."

Alieleza yaliyofuata kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. Mgeni hakuvuka kizingiti mpaka alipoambiwa karibu. Alikaa kwenye kigoda, hakutaka maji, hakutaka chochote. Alilitazama tumbo kwa muda, akaaga, akaondoka. Siku ya nne baada ya hapo Sitara alijifungua salama.

"Hajalia," alisema. "Toka azaliwe. Hospitali wamempima kila kitu, wanasema mzima. Ananyonya, analala. Ila kulia hapana. Wakimchoma sindano anafungua mdomo tu, halafu anautuliza, kama mtu anayesikiliza."

Jinal alimfunua mtoto uso. Macho yake yalikuwa wazi na hayakupepesa. Hayakumtazama yeye wala mama yake. Yalitazama juu, kwenye mbao za dari, pale hasa ilipokuwa meza ya Elimringi, na yalisogea polepole kutoka upande huu hadi ule, kisha yakarudi, kama macho ya anayemfuata mtu anayetembea.

Sitara alipoondoka, Jinal alipanda ngazi akishika ukuta, akamwomba Elimringi amwonyeshe kila kitu ambacho wakala amewahi kumpa mtu. Elimringi alifungua kumbukumbu. Walisoma pamoja mstari baada ya mstari, na kadiri walivyoshuka ndivyo Jinal alivyozidi kuishika meza. Majina kumi na moja. Kila siku moja, kwa namba ileile, kwa neno lilelile, na kila mara jibu likiwa limefika kabla ya ujumbe. Elimringi alijaribu kuipiga ile namba. Mtandao ulisema namba haipo. Wakawapigia akina mama. Wote kumi na moja walitembelewa. Waliokwisha kujifungua walisema mtoto halii. Waliokuwa bado walisema mtoto ametulia mno tumboni siku hizi, wakamuuliza Jinal kama hiyo ni kawaida.

"Orodha ina wangapi?" Jinal aliuliza.

"Kumi na wawili."

Hakuwa na haja ya kuuliza wa kumi na mbili ni nani. Mwanzoni, walipokuwa wakijaribu kama ujumbe wa akina mama unafika, alijiandika mwenyewe. Hivyo ndivyo hufanyika. Anayejenga hujitumia yeye mwenyewe kwa majaribio kabla ya kumgusa mteja. Aliandika jina lake la kweli, ghorofa yake, na mwezi wake wa kweli, kwa sababu wakati ule ulikuwa mwezi wa furaha na alipenda kuuona umeandikwa.

Walishuka kumwomba mzee ruhusa ya kuzima. Mzee Natvarlal alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema watoto huchelewa kulia, na wanawake wa Buguruni husema mengi. Alisema duka halijawahi kuona siku kama hizi tangu uhai wa baba yake, na kwamba baraka ikija, mwenye akili haendi kuichungulia kwa tundu la ufunguo. Jinal alimtaja mjukuu. Mzee akaanza kukunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtu mzima mara nyingi huvaa nguo ya ukaidi.

Kwa hiyo walizima bila ruhusa. Jioni ile ya Ijumaa Elimringi alilifuta jina la Jinal kwenye orodha. Akaufuta na ule ufunguo wa siri ambao wakala huuonyesha kwenye mlango wa API ili apewe taarifa, bila huo hakuna mlango unaofunguka. Akazima mashine, akachomoa waya ukutani, akaenda kwake.

Jumamosi asubuhi alikuta mashine inaunguruma.

Waya ulikuwa sakafuni, ulipokuwa umeachwa. Kioo kilikuwa kinawaka, na kwenye kioo kumbukumbu za wakala zilikuwa zikijiandika zenyewe, bila haraka, kama mkono wa mtu mwenye mwandiko mzuri, na Elimringi, aliyelelewa Machame katika nyumba ya mwinjilisti na aliyekuwa amemaliza miaka kumi akiamini kwamba hakuna kosa lisilo na sababu, alisimama na mfuko wake begani akasoma, kwa sababu macho yalikataa kuondoka. Saa moja na dakika hamsini na tisa, mteja wa kwanza: Mwingine. Wakala: Sina ufunguo. Nimejaribu mlango. Mlango uko wazi. Wakala: Orodha imeisha. Mteja wa kwanza asirudishwe mikono mitupu. Natafuta. Akatafuta kwenye ujumbe wa zamani wa duka. Akatafuta kwenye anwani za mizigo. Akaingia kwenye simu ya duka, ambako hakuwa amepewa zana yoyote ya kuingia, akapitia picha moja moja, vitenge, risiti, vitenge, mpaka akakuta kadi ya kliniki ambayo Jinal aliipiga picha ili amtumie mumewe. Wakala: Nimepata. Jinal. Ghorofa ya pili, juu ya stoo. Mwezi ujao. Aje kwako lini?

Mteja wa kwanza: Nitakuja mwenyewe. Kesho, mkifungua.

Jinal alipoyasoma hayo hakulia. Alishuka, akavuka mtaa, akaingia kwa Ummy.

Ummy aliuza udi, ubani na mafusho kwenye fremu inayotazamana na duka lao, mama wa makamo, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi na simu mbili zisizonyamaza. Watu walimjia kununua udi wa harusi. Wachache walijua kwamba humjia pia kwa mambo mengine, na kwamba hayo hayafanyi kwa kila mtu. Alizima simu zote mbili, akasikiliza. Alikuwa na swali moja tu.

"Neno la kwamba apewe, lilitoka kinywani mwa nani?"

"Kwa mkwe wangu."

"Basi mimi siwezi kumtoa," Ummy alisema. "Angekuwa amevunja mlango, ningemtoa. Huyu amekaribishwa, mwanangu. Amekuja kama mteja, na kama mteja ana haki aliyopewa na mwenye nyumba. Wengine humwita Subiani, jini wa watoto wachanga. Mimi simwiti. Mtoto huja duniani na kilio chake tu, ndiyo mali yake yote, na wapo wanaoila." Alivua miwani. "Mwenye neno ndiye wa kulirudisha. Amrudishe yeye, kwa mdomo wake, mlangoni, uso kwa uso."

Alasiri hiyo Ummy alivuka mtaa na chetezo chake. Alifukiza ngazi na stoo, akasoma alichosoma kwa sauti isiyosikika, na mashine ikaunguruma muda wote kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuongea. Kisha akakaa mbele ya mzee.

"Mzee Natu, miaka ishirini unanilalamikia moshi wangu unaharibu vitambaa vyako. Leo umeuingiza mwenyewe."

Mzee hakucheka. Alisema nyumba hii haijamrudisha mtu wa kwanza tangu baba yake. Alisema akimrudisha, duka litakufa, na duka hilo ndilo chakula cha huyo mtoto wanayemzungumzia. Ummy alisema hilo linawezekana kabisa, hawezi kumdanganya. Hapo Jinal, ambaye tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kukaa mbele ya mkwe wake bila kuambiwa, alikaa.

"Bapuji, baba yangu," alisema. "Mimi nimepoteza wawili. Wa tatu sitamtoa kwa ajili ya kiapo."

Mzee Natvarlal alimtazama mkwewe, akatazama kizingiti, akainuka akaenda kwenye chumba cha sala. Hakutoka hadi giza lilipoingia, na hakuna aliyejua angesema nini asubuhi.

Jumapili Kariakoo hulala. Meza za machinga zilikuwa zimefunikwa turubai, mikokoteni imegeuzwa magurudumu juu, na kwa mbali, upande wa Gerezani, basi la mwendokasi lilipita tupu. Dakika chache kabla ya saa mbili Mzee Natvarlal alipandisha chuma cha mlango mwenyewe, akasimama ndani ya kizingiti, miguu pekupeku. Jinal alikuwa kwenye kiti nyuma ya kaunta, mikono yote miwili tumboni. Ummy alikuwa pembeni yake na chetezo, na Elimringi chini ya ngazi, ambako aliweza kusikia mashine ya juu ikiunguruma, na nyuma ya muungurumo huo, kitambaa kikichanwa.

Harufu ilifika kwanza, marashi na udongo, nzito kiasi kwamba moshi wa ubani uliinama na kutambaa sakafuni kama maji yanayotafuta mahali pa chini, na kisha mwanamke alikuwa mlangoni, bila mtu kumwona akitembea kufika hapo, mrefu, mpole, amevaa kitenge ambacho mzee alikitambua kabla hajautambua uso, kwa kuwa maua yale aliyauza mara moja tu, mwaka aliofariki baba yake, na jora lake la mwisho alilitandaza juu ya maiti yake kabla ya kuipeleka kuchomwa. Jua la asubuhi lilikuwa upande wake, likimpiga ubavuni. Hata hivyo kivuli chake kiliangukia mbele, ndani ya duka, kikapita kati ya miguu ya mzee, kikapita kaunta, na ncha yake, yenye umbo la vidole, ikafika kwenye ukingo wa gauni la Jinal na kusimama hapo, na Jinal akahisi mtoto, ambaye usiku kucha alikuwa akipiga mateke, akitulia ghafla, kama anayesikiliza.

"Shikamoo, mzee," mwanamke alisema. "Mmefungua?"

Mzee hakuitikia. Midomo yake ilifunguka, na kwa muda ilionekana kama atasema karibu, kwa sababu neno hilo lilikuwa limekaa kinywani mwake miaka arobaini na moja na lilijua njia ya kutoka.

"Mimi ndiye wa kwanza," alisema mwanamke, kwa upole uleule. "Baba yako aliapa. Wewe umeandika. Sijaomba kisicho changu."

"Najua," mzee alisema.

"Basi nipe."

"Sina cha kukupa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hapa hupati kitu. Nakurudisha. Mimi Natvarlal, mwenye duka, nakurudisha mikono mitupu."

Kivuli kilijivuta. Kiliacha ukingo wa gauni, kikarudi chini ya kaunta, kikapita tena kati ya miguu ya mzee polepole, kikigusa kila kidole, mpaka nje ya kizingiti. Juu mashine ilinyamaza. Jinal aliinama akapiga ukelele mfupi, si wa maumivu, kwa kuwa mtoto alikuwa amempiga teke la mbavu. Walipoinua macho mlango ulikuwa mtupu, jua likiwa limejaa ndani yake.

Kabla ya saa tatu Sitara alipiga simu. Aliisogeza simu karibu na mtoto ili Jinal asikie kilio, kikali, cha hasira, cha wiki nzima kwa mara moja. Hadi mchana wengine wote walikuwa wamepiga, waliojifungua na waliokuwa bado. Elimringi alizifuta zana zote. Kwenye kumbukumbu alikuta mstari mmoja wa mwisho, Mteja wa kwanza amerudishwa, akaufuta nao, akaaga. Siku hizi anafanya kazi nyingine ya kompyuta huko Mwenge. Wenzake humshangaa, kwa kuwa kila sentensi anayomwandikia wakala huisoma kwanza kwa minong'ono, kisha huuliza nani mwingine anaweza kuitumia.

Mtoto wa Jinal alizaliwa mwezi uliofuata, wa kike, na alilia kabla hajatoka vizuri. Bado analia. Ana mapafu ya mpiga debe, anasema bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, na hulia asubuhi zaidi, duka linapofunguliwa.

Mzee Natvarlal hupandisha chuma saa mbili kamili kama zamani, akakaa nyuma ya kaunta akitazama mlango. Bei zake ni nzuri na vitambaa vyake vinajulikana. Watu huja. Mtu hutoka upande wa soko na orodha mkononi, huangalia kibao cha duka, hunyoosha mguu kuelekea kizingiti, na hapo husita, akavuta bega, akajibana upande mmoja, kama tunavyofanya sote tukikuta mtu amesimama katikati ya mlango. "Samahani, mama," husema. Husubiri kidogo apishwe. Asipopishwa, huenda duka la jirani.

Hakuna aliyewahi kuwa wa kwanza tangu siku ile, na duka lisilo na wa kwanza halina wa pili. Pranav amerudi kutoka China na amemwambia baba yake wahame, wafungue kwingine. Mzee anasema hapana. Akiondoka, anasema, nani atakaa hapa kumnyima? Anajua linatakiwa neno moja tu, lile karibu alilolizoea, na kila asubuhi mlangoni pale kuna mwenye subira anayelingoja. Basi hukaa, midomo ameibana, mikono juu ya vitenge, huku mjukuu wake akilia ghorofani kwa nguvu zake zote.